Kisamvu cha Kwenye Karatasi

Hansa alinipigia simu wiki tatu baada ya msiba wa baba yake. "Dada Rukia, kuna kitu baba amekuachia. Njoo ukichukue mapema, mimi nikikiweka hapa wajukuu watakichorea magari." Nilikwenda Upanga siku hiyo hiyo, nikakaa kwenye kochi lile lile la vitambaa vya kufuma, nikapewa chai ya tangawizi, na kabla sijamaliza kikombe alinitolea kaunta buku la jalada jeusi, pembe zimelika, juu limebandikwa karatasi yenye maneno mawili kwa mwandiko wa baba yake, Bwana Kiran: MAKOSA YETU. Nilidhani lilitupwa siku tulipofunga ofisi. Hansa akacheka alivyoniona nimelishika kwa mikono miwili. "Alikuwa analisoma kama watu wanavyosoma hadithi. Anacheka peke yake. Mama alikuwa anamwambia, we mzee, mtu anayachekaje makosa yake?" Sikulifungua pale. Nilijua ukurasa wangu ulipo, na sikutaka Hansa auone uso wangu nikiufikia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa siongei. Sikuwa bubu. Ila niliweza kusimama mbele ya duka dakika kumi nikiomba Mungu muuzaji aniulize mwenyewe ninataka nini, na asiponiuliza nikarudi nyumbani bila chumvi. Maneno yangu yote yalikwenda kwenye shajara, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kupiga chapa, vidole vyangu vilikuwa na mbio kuliko ulimi. Hiyo ndiyo sababu Dada Salome, aliyepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu Ilala, alinichukua kwenda kazini kwake. Yeye alikuwa mwandishi wa habari, mtu wa Masasi, mwenye sauti ya kumuita mtu aliye mtaa wa pili. "Huyu hasemi," alimwambia bosi wake siku ya kwanza, mimi nimesimama nyuma yake, "lakini mpe kompyuta uone." Bosi mwenyewe alikuwa Bwana Kiran. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mbu. Akaitika marahaba kwa adabu yote, kama aliyeamkiwa na umati, akanivutia kiti.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge nyuma ya soko la Kariakoo. Unapanda ngazi thelathini na mbili, nilizihesabu kila asubuhi, zenye giza na harufu ya vitunguu na dagaa. Ndani kompyuta mbili zilizofunikwa khanga kuzuia vumbi, printa moja, simu ya mezani, na modemu iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia kila tulipotaka kuingia mtandaoni. Dirisha lilikuwa moja, kubwa, na meza yangu ilikuwa chini yake. Ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara, iliyotolewa miaka ya nyuma, ilikuwa imeshakomaa. Chini kule kulishushwa marobota ya mitumba, mabeseni ya plastiki, redio za kila namna, na kila wiki lilizaliwa gazeti jipya. Bwana Kiran, aliyekuwa ametumia nusu ya maisha yake akisoma prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla hazijachapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji, aliamua yeye hatatoa gazeti la karatasi. Alifungua tovuti, akaiita Kengele ya Soko. Tuliandika bei za mazao, barabara zilizofungwa, misiba, harusi, mvua, habari za mitaa. Walitusoma Watanzania walioko nje waliokuwa na hamu ya nyumbani, na wafanyabiashara wa mikoani. Ila wenye kafe za intaneti za Kariakoo na Ilala walikuwa na mtindo wao: kila asubuhi walichapa ukurasa wetu wa kwanza na kuubandika mlangoni ili kuvuta wateja. Waliotusoma wamesimama kwenye milango ile walikuwa wengi kuliko waliotusoma kwenye kompyuta.

Saa saba tulikula. Bwana Kiran alikuja na chakula chake kutoka Upanga kwenye vibati vitatu vilivyopandana: dengu, mboga, na chapati zenye uwatu alizonikatia nusu bila kuniuliza, maana alishajua nikiulizwa nitakataa. Hakula nyama wala samaki, na hakula chakula kisichopikwa nyumbani kwake, hata chai ya mtaani hakunywa. Dada Salome yeye alishuka kwa Mama Upendo. Huyo alikuwa na hoteli ndogo upande wa pili wa mtaa, chini ya dirisha langu, mabenchi manne na pazia la maua, na ni mtu wa kusini kama Dada Salome. Wapagazi na wauza duka walijazana pale mpaka wengine walikula wamesimama. Dada Salome alirudi anajipuliza mdomo. "Mama Upendo ataniua na pilipili yake. Rukia, siku moja ushuke basi, anauliza huyo mtoto wa dirishani ni mzima?" Sikushuka. Nilimjua Mama Upendo kwa utosi wake, kwa kilemba chake cha kijani, kwa jinsi alivyogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu. Nikamwandika sana kwenye shajara. Kumsalimia sikuweza.

Kuhusu makosa, Bwana Kiran alikuwa na utaratibu wake ambao Dada Salome aliuita dini. Kosa halifutwi kimyakimya. Linabaki palepale, limepigwa mstari katikati lakini linasomeka, na juu yake linawekwa sahihisho. Aliyekosea anaandika kwa mkono wake kwenye kaunta buku, visehemu vitatu: tulisema nini, ukweli ni nini, ilitokeaje. Halafu anakwenda kwa aliyeumizwa, kwa miguu, akiwa na karatasi ya sahihisho mkononi. "Kiwandani nikikosea, karatasi elfu zinatoka na kosa langu, siwezi kuzikimbiza," alisema. "Hapa naweza. Kwa nini nisikimbize?" Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku ulikuwa wake mwenyewe: aliandika bei ya mchele ya juzi akaiita ya leo.

Masika ya mwaka ule kukaingia kipindupindu. Mabwana afya wa jiji walizunguka na makoti meupe na mafaili kwapani, wakafunga vibanda vya juisi, wakamwaga vyakula vya kandokando ya barabara. Watu walikula kwa wasiwasi. Siku moja, kama saa nne asubuhi, Dada Salome yuko nje kutafuta habari na Bwana Kiran hajafika bado, nikaona kutoka dirishani bwana afya anaingia kwa Mama Upendo. Hakukaa hata dakika tano. Nikamwona Mama Upendo anatoka, kilemba kimemlegea, anawaita watu. Masufuria yakatolewa nje moja baada ya jingine, chakula kikamiminwa kwenye ndoo na mabeseni, kikaondolewa. Pazia likavutwa, mlango ukafungwa kwa kufuli. Bwana afya akaondoka naye, ubavu kwa ubavu. Ilikuwa habari, na niliiona mimi. Nikaandika: bwana afya afunga hoteli ya Mama Upendo nyuma ya soko, chakula chamwagwa, hofu ya kipindupindu. Bwana Kiran alipofika akasoma, akasogeza miwani. "Ulishuka ukauliza?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Uliuliza nani?" Nikasema, "Watu wa pale chini." Akanitazama kidogo. Halafu modemu ikalia, habari ikapanda.

Shajara yangu ya siku ile bado ninayo. Nimeandika: "Leo nimekuwa mwandishi. Bwana K amesema sentensi zangu ni safi. Sikushuka lakini ningeshuka wangeniambia nini zaidi ya nilichoona?" Siku mbili baadaye nimeandika kwa herufi ndogo sana, kana kwamba shajara yenyewe ningeificha isisikie: "Nimesikia kwenye ngazi."

Nilichosikia ni hiki. Nilikuwa napanda, nimefika ngazi ya kumi na kitu, na chini mlangoni walikuwa wapagazi wawili wamepumzisha mzigo. Mmoja anasema, "We unakula wapi siku hizi?" "Kwa yule wa kona. Chakula chake kama sabuni." "Si umsubiri Mama Upendo arudi?" "Kwani hukusoma pale kwenye kafe? Kafungiwa na bwana afya." "Kafungiwa nini, bwana! Kafiwa. Dada yake amefia hospitali. Yule bwana afya ni mtu wa kwao, alipita wodini ndio akaja kumpa taarifa. Chakula si alitugawia sisi? Mimi mwenyewe nilibeba beseni nzima." "Sasa mbona wameandika?" "Kompyuta hiyo. Waulize wenyewe." Wakacheka, wakainua mzigo wao. Nilibaki pale gizani nimeshika ukuta. Ule umwagaji niliouona ulikuwa ugawaji. Mtu anaitwa msibani, anawapa majirani chakula chake chote kisiharibike, na mimi nimemwandika kuwa anaua watu.

Nilinyamaza siku nzima na nusu. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilipoisimulia hadithi hii niliiruka sehemu hiyo. Nilikaa kwenye kiti changu, nikala nusu chapati yangu, nikapiga chapa bei za maharage. Mama Upendo akarudi kutoka msibani siku ya tatu, akawasha moto, akagonga mwiko mara tatu, na saa saba ilipofika mabenchi manne yalikuwa matupu isipokuwa wale wapagazi wawili. Watu walipita wakichungulia pazia wakaenda kwa yule wa kona. Jioni nilimwona anabeba sufuria limejaa kama alivyoliinjika. Siku hiyo hiyo iliingia barua pepe ya kijana mmoja aliyeko ughaibuni: mama yake mdogo huwa anakula pale, je, yuko salama? Bwana Kiran akaisoma kwa sauti, akasema, "Rukia, tumjibu nini?" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Sikushuka." Akauliza, "Nini?" Nikasema kwa sauti ambayo mpaka Dada Salome, ambaye tangu habari ile alikuwa anajiletea chakula chake, aliacha kula, "Sikushuka ngazi. Nilisema nimeuliza, sikuuliza. Amefiwa. Hakufungiwa."

Dada Salome akashika kichwa. "Mama yangu! Mtu wa kwetu huyo!" Kisha akavuta kiti karibu na kompyuta. "Futa. Sasa hivi. Hii si karatasi, Bwana Kiran, ni mtandao. Tunafuta, kesho hakuna anayekumbuka, na huyu mtoto tunamwacha apumue." Bwana Kiran hakupandisha sauti. "Tukifuta, ile iliyobandikwa mlangoni inafutika? Na aliyeisoma akaenda kwa wa kona, anafutika?" "Lakini umwache na jina lake pale na neno kipindupindu?" "Limepigwa mstari." "Mstari! Mtu anasoma mstari?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikalifungua kaunta buku. Tulisema nini. Ukweli ni nini. Kwenye sehemu ya tatu, ilitokeaje, kalamu ilisimama muda mrefu, kisha nikaandika maneno matatu: Sikushuka. Nilisema nimeshuka. Bwana Kiran akasoma, hakunikaripia, akasema, "Sasa shuka."

Thelathini na mbili. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka nimesimama mbele ya pazia la maua na Mama Upendo anamenya muhogo, na kwa mara ya kwanza nauona uso wake, mpana, umechoka, una alama ndogo shavuni. Nikasema shikamoo. "Marahaba. Loo, mtoto wa dirishani! Kumbe una miguu?" Nikampa pole ya msiba. Kisha nikamwambia, yote, nikitazama muhogo. Aliacha kumenya. Akaniacha nimalize. "Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Mimi nazika dada yangu, wewe unanizika mimi." Nikaanza kulia. "Usinililie, nina machozi yangu. Kuliko kupiga hodi hapa uniulize, Mama Upendo kuna nini, ukaona heri uandike?" Nikasema ndiyo. Nikasema naogopa watu. Akanikazia macho muda, halafu kitu kikalegea kwenye mdomo wake. "Unaogopa watu, halafu unawatangaza mpaka Ulaya."

Nikamwonyesha karatasi niliyoandaa. Hakuwa na miwani, akaniambia nisome. Nikasoma. "Na ile ya zamani?" Nikamweleza utaratibu: inabaki, imepigwa mstari. Akaukataa palepale. "Mwambie Mhindi wako nimesema hivi. Kosa ni lenu, mlibakize mkipenda, lakini jina langu mlitoe humo ndani, mliweke kwenye ukweli tu. Na huo ukweli uanze mwanzo kabisa, mtu asome huo kwanza. Na uandike nilichokuwa napika. Mmesema nimemwaga chakula, chakula gani? Uliza!" Nikamuuliza alikuwa amepika nini. "Andika Mama Upendo alikuwa amepika kisamvu cha nazi, kizuri, akawagawia majirani alipofiwa. Andika hivyo hivyo." Nikapanda nikamwambia Bwana Kiran. Akafikiri, akavua miwani akaifuta na ncha ya shati. "Ana haki," akasema. Na kuanzia siku ile utaratibu ukabadilika: sahihisho letu likawa linaanza na maneno ya aliyeumizwa, na jina lake halikuachwa ndani ya kosa.

Printa ikatoa nakala ishirini. Dada Salome alitaka kunisindikiza, Bwana Kiran akamwambia amwache. Nilizunguka kafe zote, za Kariakoo kwanza kisha Ilala, na ilinilazimu niongee kila mlango. Kwenye ya kwanza sauti ilinikatika na yule kaka wa kafe akadhani naomba kazi. "Mambo?" "Poa. Nimekuja… tulikosea." "Mmekosea nini?" "Ile ya Mama Upendo." "Aaa, ya kipindupindu! Watu waliipenda hiyo." "Siyo kweli. Naomba niitoe nibandike hii." "Tuliza boli, sista, hiyo ya juzi nilishaifungia vitumbua." "Basi nibandike hii tu. Iwe mahali pale pale." Ya pili niliongea kidogo zaidi. Ya tano, watu watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakasema hawaoni vizuri, nisome, nikasoma kwa sauti, na mzee mmoja akasema, "Kumbe! Mie nimekula kwa wa kona siku zote hizi tumbo linauma." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, barabarani, mbele ya watu nisiowajua.

Kesho yake saa saba Bwana Kiran hakufungua vibati vyake. Alisimama, akavaa koti, akashuka. Mimi na Dada Salome tukakimbilia dirishani. Mtu ambaye miaka yote hakula nje ya jiko la mkewe alikaa benchi la mbele, pale pazia linapofunguka, mtaa mzima unamwona, akaagiza kisamvu. Kisamvu bila samaki, aliuliza mara mbili. Akala polepole kwa mkono, koti mwilini, kijasho kinamtoka kwa pilipili. Wauza vitenge wa chini wakasimama kumtazama, mmoja akakaa karibu yake, kisha mwingine. Alirudi hivyo hivyo siku tatu. Wiki ya pili mabenchi hayakutosha. Matokeo yangu yalipotoka, na yalikuwa ya wastani tu, Mama Upendo aliniita kwa nguvu kutoka chini, "We wa dirishani! Umefaulu?" nami nikachungulia nikamjibu kwa sauti ile ile, mtaa mzima ukasikia.

Kaunta buku nililifungua nilipofika nyumbani kutoka kwa Hansa. Maneno yangu matatu yapo. Chini yake, kwa penseli, kuna mistari ambayo sijawahi kuiona, ya mwandiko wa Bwana Kiran: "Nilimuuliza nikaona usoni mwake kwamba hakushuka. Nikaipitisha, kwa sababu ilikuwa habari nzuri. Kosa hili ni la watu wawili." Hakuniambia kamwe. Aliniacha niubebe mzigo niliouhitaji, wa kwake akaubeba kwa siku tatu pale kwenye benchi, na mimi nilidhani ananisaidia wangu. Nimefundisha watoto darasani miaka mingi sasa, naongea kutwa, na usiku ule niliisoma mistari ile tena na tena.

Jumamosi nikalibeba kwenda Kariakoo. Jengo letu halipo, mahali pake limepanda jengo la vioo la ghorofa kumi, lakini upande wa pili bado kuna hoteli, sasa ina viti vya plastiki na feni, na anayeiendesha ni Upendo mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, kilemba cha kijani. "Shikamoo Mama." "Marahaba… wa dirishani!" Na nyuma yake, ukutani, kwenye fremu ya kioo, ile karatasi ya sahihisho. Imekuwa rangi ya chai, lakini inasomeka. Nikamweleza habari za Bwana Kiran, akaacha mchele, akasema, "Yule mzee alikula kisamvu changu na macho yanamtoka machozi, hakubakisha." Nikamwonyesha kaunta buku, nikamsomea ukurasa wetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka Upendo akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Nikwambie kitu, mwanangu, maana huyo mzee ameungama na mimi sitaki kubaki peke yangu. Siku ile sikupika kisamvu."

"Ulipika nini?"

"Maharage. Na ugali. Nazi hazikuwepo sokoni. Sasa mimi natajwa kwenye kompyuta mpaka Ulaya, iandikwe napika maharage matupu? Nikakwambia kisamvu. Balaa lake sasa! Kesho yake watu wanakuja, tunataka kisamvu cha kwenye karatasi. Yule Mhindi naye, kisamvu. Kupika kisamvu cha kuuza nilikuwa hata sijui sawasawa, nikaanza kutwanga alfajiri ile. Mpaka leo sijapumzika. Muulize Upendo."

"Kila siku ya Mungu," akasema Upendo.

Nikamwambia utaratibu anaujua. Akasema anaujua, na akataka fremu ishushwe. Upendo akafungua kioo kwa kisu cha jikoni. Nikapiga mstari mmoja mwembamba katikati ya neno kisamvu, linasomeka bado, na juu yake nikaandika maharage. Kisha nikafungua kaunta buku kwenye ukurasa mtupu wa kwanza, baada ya miaka yote ile. Tulisema nini: kisamvu. Ukweli ni nini: maharage, ila tangu kesho yake ni kisamvu. Kwenye ilitokeaje nikampa Mama kalamu. Akavaa miwani, akafikiri, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani: NILIULIZWA NIKADANGANYA.

"Haya," akasema, akinirudishia kalamu na kuangalia saa ya ukutani. "Imeshafika saa saba. Unakula nini?"